Ulimi wa Bati

Habari ilitufikia saa nne asubuhi
ndani ya simu yenye ufa mbavuni,
simu ya Shirima, aliyekuja abadilishiwe kioo.
Aikaeli, fundi, alikuwa ameng'ata bisibisi.
Akaitoa, akasoma kwa sauti, hakuelewa, akasoma tena:
ng'ambo huko wameunda mashine ya kuonja kahawa.

"Kuonja?" akauliza Ndeonasia,
birika mkononi, vikombe vikigombana ndani ya ndoo.
"Kuonja. Unaitilia tone moja, inakwambia
hii ya mlimani, hii ya tambarare,
hii ilianikwa, mvua ikawahi."

Basi.
Kioo hakikubadilishwa tena siku ile.

Mwalimu Mbwambo, fizikia miaka thelathini,
anayetembea na chaki mfukoni hata baada ya kustaafu
(huwezi kujua),
akachora ulimi kwenye ubao wa kibanda.
Ulimi, alisema, ni waya tu. Waya na mate.
Chumvi inagonga, uchungu unagonga,
ubongo unapokea simu.
"Na mwenye mafua?" akauliza Shirima.
"Mtandao unasumbua," akajibu Mwalimu, hakucheka.
Tulicheka sisi, mpaka muuza ndizi wa upande wa pili
akaacha mizani yake akavuka Double Road
kuuliza nani kaanguka.

Shirima akataka jaribio la haki:
mashine iletwe Uru, ipewe mbege ya siku ya tatu,
tuone kama itaijua njia ya kurudi kwao.
Aikaeli yeye aliwaza spea.
Ulimi ukiungua, mwingine unatoka wapi?
Nilimwona anapima kwa macho bati la mlangoni,
kibao kipya tayari kimeandikwa kichwani mwake:
TUNATENGENEZA NDIMI ZA AINA ZOTE.

Mimi nilitaka kumtaja bibi yangu wa Kibosho,
aliyevunja punje ya kahawa kwa jino moja lililobaki,
akasikiliza mlio,
akasema, "Bado siku mbili za jua."
Hakukosea. Jino lile lilimfuata kaburini
na hakuna aliyelipiga picha.
Lakini mjadala ulikuwa umeshahamia kwenye mbege,
nikanyamaza.

Ndipo akapita Ndewirwa.
Ndewirwa huonja kahawa kwa mshahara, mwaka wa kumi na tisa huu:
anafyonza kijiko, fyuuup, kama bomba lililokosa maji,
anatema kwenye ndoo, anaandika namba.
Mkewe anasema hata mtori wa nyumbani hupewa alama.
Tulimwambia taratibu, kama watu wanaopeleka msiba.
Akavua kofia.
"Inatema?"

Tukatazamana. Aikaeli akapekua habari juu mpaka chini.
Hawakuandika.

"Isiyotema haionji," akasema Ndewirwa, akirudisha kofia.
"Inakunywa. Tusichanganye taaluma."
Akapokea kikombe, fyuuup, akatema mtaroni,
akapokea cha pili, akakiacha kinywani
akitazama kule mlima ulikokuwa kabla ya mawingu.
"Tangawizi imezidi kidogo. Themanini na mbili."

Muda wote huo Ndeonasia alikuwa akizunguka,
anajaza, anajaza, hana neno.
Sasa akaweka birika chini.
"Hiyo mashine," akauliza, "ikishaonja, inalipa?"

Sayansi ikanyamaza.
Muuza ndizi akakumbuka mizani yake.
Shirima akapapasa mfuko ambao shati lake halina.
Mwalimu akafuta ulimi ubaoni kwa kiwiko, polepole,
kama anayeficha ushahidi.
Daftari likafunguka, kalamu ikalambwa:
Mwalimu vinne. Shirima sita, na vya juzi.
Fundi vitano. Mimi, nisiyesema kitu, vitatu.
"Ndewirwa viwili."

"Kimoja nimekitema!"

"Nilikuona," akasema Ndeonasia, akiandika.
"Alama zako mpelekee mashine.
Mimi nipe mia nne."